Utani Wangu na Askari wa Newala

Vijana wangu, yule binti aliyechukua kiti changu ameniandikia ujumbe mrefu, wenye picha za maua mwishoni, kwamba wanasaikolojia wapya wanapangiwa kanda yetu na wangependa kuchota hekima kwa aliyewatangulia. Nilicheka peke yangu jikoni. Hekima! Mngeniomba pilipili ningewapa, ninazo tele hapa nyuma ya nyumba, Masasi.

Lakini nimekaa nikaona niwaandikie, kwa sababu nikifa na haya tumboni hayatamfaa mtu. Msitarajie kumaliza kusoma mkiwa na moyo mkunjufu. Nimestaafu, miguu inauma, na sijui hata leo kama kazi yangu ilimsaidia mtu. Kisa chenye maana ninacho kimoja tu, cha Sajini Nandonde wa Newala, na majina yote nimeyabadilisha. Hayo mengine ni njia ya kufika kwake, maana bila hayo hamtaelewa jinsi mtu mzima, mwenye vyeti ukutani, alivyoweza kufanya nilichofanya.

Nilikuwa mwanasaikolojia tiba wa askari wa serikali. Sikuvaa sare, nilikuwa mtumishi wa kiraia. Siku tatu za juma nilikuwa kambi ya Masasi, siku mbili napanda mlima kwenda kambi ya Newala, kwenye baridi na ukungu. Kazi zilikuwa mbili. Ya kwanza kumsikiliza askari. Ya pili kuandika kama anafaa kubeba silaha. Wakubwa walioziweka kazi hizo kwenye meza moja hawakuwahi kukaa kwenye meza hiyo. Nani atakuambia kwamba hajalala juma la pili hili, huku anaiona kalamu yako, na anajua ukiandika neno moja kesho atakabidhi bunduki na kupewa ufagio? Niliandika barua nikiomba aje mtu wa pili, mmoja asikilize na mwingine apime. Nilijibiwa kwamba barua imepokelewa. Ikapokelewa hivyo hivyo kila mwaka mpaka nikastaafu.

Chumba changu cha Newala kilikuwa stoo ya sare za zamani. Kilinuka dawa ya viatu, na mlango wake ulitazama uwanja wa gwaride, kwa hiyo aliyeingia kwangu alionekana na kambi nzima. Miezi ya mwanzo hakuingia mtu. Nilikaa humo nikisoma magazeti ya mwaka juzi. Kisha akaja koplo mmoja amebeba ndoo. Newala, kama hamjui, maji ni shida, na mtu mwenye ndoo haulizwi anakwenda wapi. Akaingia, akaiweka ndoo chini, akalia kwa dakika kumi, akainua ndoo yake akaondoka. Habari zikasambaa kimyakimya. Haukupita muda kila anayekuja kwangu anakuja na ndoo, mpaka siku moja mkuu wa kambi akanisimamisha uwanjani.

"Mama Daktari, hivi una bomba humo ndani?"

"Hapana, afande."

"Basi mbona vijana wangu wanashinda kwako na ndoo, wanatoka zikiwa tupu?"

Nilimwambia wanapenda kuuliza tu kama maji yapo. Sikuwahi kuwa daktari, lakini hilo la kuitwa Mama Daktari nililiacha. Lilikuwa zuri kuliko lile jina jingine, la fundi wa vichaa, ambalo walidhani sijalisikia.

Makosa? Nimefanya mengi, na mengine yanachekesha. Mwaka wangu wa kwanza, katikati ya kiangazi, niliona askari wengi wa Masasi wana macho mekundu. Wengine machozi yanawatoka wakiwa wamesimama kwenye mstari. Nikashtuka. Nikaandika taarifa ya kurasa sita kwa wakubwa, kwamba kambi ina huzuni kubwa iliyofichwa, kwamba watu hawalali, kwamba pengine kuna ulevi. Nikaipeleka mwenyewe. Afande akaisoma mpaka ukurasa wa pili, akaniangalia, akaita karani wake aje asikie.

"Mama Daktari, wewe kwenu ni wapi?"

"Hapa hapa Masasi, afande."

"Na mikorosho mnayo?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Ulikuwa msimu wa kupuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Kila askari mwenye shamba alikuwa anaamka alfajiri kupuliza mikorosho yake kabla ya kuja kazini, na ule unga ukiingia machoni unalia utake usitake. Mimi mtoto wa mwalimu wa kanisa, niliyekulia chini ya mikorosho hiyo hiyo, nilikwenda chuo miaka minne nikarudi nimesahau salfa. Walinitania mpaka nikazoea. Hata mhudumu wa chai alikuwa akiniuliza kama leo askari wanalia au ni salfa.

Aliyenirudisha kwenye akili zangu ni Mzee Chilumba. Alikuwa muuguzi mstaafu, aliyehudumia wagonjwa wa akili miaka mingi katika hospitali ya misheni kule Ndanda. Jumamosi nilikuwa nakwenda kumwona kwake. Siku moja akaniambia nimwonyeshe ninavyokaa na askari. Nikavuta kiti nikakaa mbele yake, daftari mapajani.

"Unakaa kama hakimu," akasema. "Hamia huku. Kaa ubavuni kwake, wote mtazame mlangoni. Na hilo daftari kalifungie kabatini."

Akanifundisha pia kuweka mezani bakuli la korosho zilizochomwa ambazo hazijamenywa ile ngozi ya ndani. Mtu akiwa anamenya haoni haya kunyamaza, na akinyamaza bila haya, mara nyingi anaongea. Akaniambia nisimuulize askari anajisikiaje, kwa sababu atajibu safi, kama anajibu gwaridani. Niulize amelala saa ngapi, amekula nini, mara ya mwisho kumpiga mtoto ilikuwa lini na kwa kosa gani. Haya yote yachukueni, yanafanya kazi. Mimi niliyatumia mpaka siku ya mwisho.

Halafu akaniambia jambo jingine. "Wewe Mmakua. Hao wa Newala wengi wao Wamakonde. Umepewa dawa bure, halafu unaiacha nje unaingia na karatasi."

Alikuwa anazungumzia utani wa makabila. Kwa nyinyi mtakaotoka mbali niwaeleze: huku kwetu Mmakua na Mmakonde wakikutana hawana haja ya kuogopana. Nitamtukana chakula chake na ukoo wake, naye atanitukana vilevile, na hakuna anayekasirika, kwa sababu kukasirika ndiyo aibu. Na jambo kubwa la utani ni msiba. Mtani akifiwa, wewe unakwenda na kufanya vituko. Unavaa nguo za marehemu, unamwigiza, unamsema, mpaka waliokuwa wanalia wacheke. Ni kazi yako hiyo, na usipoifanya watu wa msiba wanaona wamepungukiwa. Kwa hiyo watani tunataniana kwa vifo kila siku. Ukikohoa tu, mtani anakuuliza kama sanda umeshanunua au akukopee.

Nikaanza kuwapokea kwa utani. Askari akiingia na ndoo yake, kabla hajaniamkia, namwita mla panya, ingawa panya wenyewe Masasi tunawala kwa ugali vilevile. Anaachia tabasamu, anarudisha lake, mabega yanashuka. Ndani ya dakika tano ananiambia mambo ambayo hajamwambia mkewe. Nilijiona nimeupata ufunguo. Kwenye semina wenzangu wa mikoa mingine walikuwa wakilalamika kwamba askari hawafunguki, mimi natikisa kichwa kwa huruma.

Baadaye wakatuletea dodoso kwenye vishikwambi. Maswali arobaini, askari anagusa jibu kutoka "kamwe" mpaka "kila siku". Juma la pili tu majibu sahihi yalikuwa yanazunguka kwenye simu zao. Kambi nzima ya Newala ikawa na afya ya akili kuliko watakatifu. Nilicheka, nikaona kheri mimi na korosho zangu. Mtaletewa na vingine, na askari watavipatia majibu.

Sasa Sajini Nandonde.

Alikuwa mtu wa makamo, wa Makote, mfupi, anatembea kwa hatua za harakaharaka, mkono mmoja nyuma. Katika watani wangu wote wa Newala yeye ndiye aliyekuwa bingwa. Alikuwa akiniona nashuka kwenye gari anapaza sauti kutoka getini kwamba Wamakua wamekuja kuomba ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochemsha na kuiringia sisi watu wa kusini. Nilikuwa namjibu, na kambi inasimama kutusikiliza. Nilimpenda. Hilo nalisema wazi.

Mwaka ule binti yake Zuhura alikuwa anatoka unyagoni, na ngoma iliangukia siku yake ya doria huko chini mto Ruvuma. Akamwomba askari kijana wa kikosi chake amshikie zamu. Kijana akakubali, mtumbwi ukapinduka, hakuonekana tena akiwa hai. Hakuna aliyemlaumu Nandonde. Ngoma ya mtoto ni ngoma ya mtoto, kila mtu angefanya vile. Lakini yeye aliacha kulala. Alikuja kwangu na ndoo mara ya kwanza, na siku hiyo hatukutaniana. Aliniambia kwamba kila akimwona Zuhura amevaa zile nguo mpya za kutokea unyagoni anaona maji. Nikaandika kwamba kwa sasa asibebe silaha. Nilikuwa sahihi, na nakumbuka nilivyokuwa na uhakika.

Wakampa kazi ya kusimamia foleni ya maji kambini. Sajini mwenye miaka yake ile anapanga ndoo za wake wa wenzake. Hata watoto walimwita Bwana Maji. Kila nikipanda Newala alikuja, tukakaa ubavu kwa ubavu, akamenya korosho bila kula. Nilimpigia simu mkewe, Mama Zuhura, nikamwambia asimwache peke yake. Akaniambia, "Mama, hata shambani sijakwenda. Niko naye." Ilikwenda hivyo miezi mitatu.

Kisha siku moja akaja bila ndoo. Amenyoa, sare imepigwa pasi, anatembea zile hatua zake.

"We Mmakua," alisema kabla hajakaa, "nimekuja kuaga."

"Unakwenda wapi, mla panya?"

"Nakwenda kwa babu zangu. Juma hili, likichelewa lijalo. Andaa miguu, ntani wangu, maana buti zangu utazivaa wewe msibani. Na uchezeshe vizuri, usije ukanitia aibu mbele ya wakwe."

Nilicheka kwa sauti. Nilifurahi mpaka nikapiga meza, kwa sababu miezi mitatu nilikuwa nimemkosa mtani wangu, na sasa huyu hapa amerudi. "Buti zako zinanuka," nikamjibu. "Kufa ufe, lakini zioshwe kwanza."

Naye akacheka, akapangusa macho. Akachukua korosho akaimenya taratibu, na hiyo akaila. Halafu akasema, bila kunitazama, "Haya. Nimeshakuambia lakini."

"Umeniambia, baba. Nimesikia."

Nikavuta fomu yake. Nikaandika kwamba anafaa kubeba silaha, na pale chini kwenye maoni nikaandika kwa mwandiko mzuri: Ucheshi umerejea. Nilijivunia yale maneno mawili. Nilipokuwa nashuka mlima kurudi Masasi nilikuwa naimba.

Vijana, mtu aliyekuwa ameinama miezi mitatu akija amenyooka ghafla, ogopeni. Hilo limo kwenye vitabu vyetu, nimelifundisha mwenyewe kwenye semina. Angekuwa mwanasaikolojia wa Bukoba au wa Moshi, asiyejua mila zetu, angesikia mtu anasema anakwenda kufa angeweka kalamu chini. Mimi niliyejua mila nilicheka. Nimeligeuza hilo kichwani miaka yote hii na halina upande mzuri. Nandonde alikuwa na mlango mmoja tu wa kulisemea bila aibu, huo utani, akaupitia, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale mlangoni.

Jumanne asubuhi mkuu wa kambi alinipigia. "Mama Daktari, Nandonde ametutoka. Akiwa lindoni." Kisha akaongeza, "Kwa mkono wake mwenyewe." Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Nilikiweka mezani na sikumbuki nilifikaje Newala.

Msiba ulikuwa kwao Makote. Nilitaka kukaa nyuma kabisa, kwenye wanawake, nijifunike kanga nilie kama watu wengine. Lakini dada yake marehemu aliniona tu akapaza sauti, "Mtani wake huyo! Mtani amefika!" Wanawake wakageuka, na nyuso zao zilikuwa na furaha, mjue hilo, walifurahi kuniona. Walikuwa wamelia tangu jana na walikuwa wanamsubiri mtu wa kuwapumzisha. Dada akaingia ndani akatoka na buti.

Zilikuwa zimeoshwa na kupigwa dawa, zinang'aa.

Nilizivaa. Ningefanya nini? Kukataa kungekuwa tusi, na ningeulizwa sababu. Nikafunga kanga kiunoni, nikaweka mkono mmoja nyuma, nikatembea zile hatua zake za harakaharaka kuzunguka uani. Nikasimama mbele ya masufuria ya ubwabwa nikayapigia kelele, "Sufuria, mguu sawa! We mwiko, mbona umechelewa gwaride?" Wakacheka. Mama mmoja mzee alicheka mpaka akakaa chini. Nikaita Wamakua waje kula ming'oko ya msiba kwa sauti yake kabisa, na kicheko kikazidi. Nilimchezea vizuri. Aliniomba nisimtie aibu na sikumtia.

Nilipovua buti wakaniambia Mama Zuhura ananiita. Alikuwa ndani ameketi mkekani, ameanza eda, na wanawake wawili waliokuwa naye wakatupisha. Nikakaa ubavuni kwake, kwa mazoea.

"Pole, Mama Zuhura."

"Nimeshapoa, mama. Nimekusikia huko nje. Ahsante, umemchezea." Alikuwa anaongea polepole, macho kwenye mkeka. "Nataka nikuulize. Ulinipigia simu ukaniambia nisimwache, na mimi sikumwacha. Miezi mitatu nalala jicho moja. Siku ile alipotoka kwako alirudi ana raha. Akaniambia, mke wangu, leo nimemwambia Mama Daktari kila kitu, mzigo nimeutua, sasa na wewe pumzika. Nikasema alhamdulillah. Kama Mama Daktari anajua, basi. Nikaenda shamba Kitangari, nikakaa siku tatu." Hapo akaniinulia macho. "Alikuambia nini?"

Mnajua tunavyofundishwa. Usimpe mfiwa maneno ya uongo. Jibu kwa ufupi, jibu kweli, na ukae naye. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni: aliniambia anakwenda kufa, nikacheka. Niliwasikia wanawake uani bado wanarudia yale ya sufuria na mwiko. Niliwaza fomu iliyoko kambini na sahihi yangu chini. Nikaogopa, vijana wangu. Nilimwogopa mwanamke aliyekaa mkekani.

"Hakuniambia kitu, Mama Zuhura," nikasema. "Tulitaniana tu."

Alinitazama. Hakuonekana kunikasirikia. Alionekana kama mtu aliyepigwa mahali pengine tofauti na alipokuwa amejiandaa.

"Basi alinidanganya," akasema.

Akajifunika kanga na kugeukia ukutani, wale wanawake wakarudi, nikaaga.

Hakuna aliyeniuliza kuhusu ile fomu. Iliwekwa kwenye jalada, jalada likawekwa kabatini, nami nikaendelea kupanda Newala siku mbili za juma mpaka nilipostaafu, nikiwaita watu wala panya kwa sauti iliyokuwa haitoki vizuri. Bakuli la korosho niliacha kuliweka. Walikuja wachache, halafu wachache zaidi.

Mama Zuhura hakuolewa tena. Zuhura ana watoto sasa. Mwanamke mmoja wa Makote huwa anakuja Masasi na aliniambia, bila kujua anamwambia nani, kwamba wakikaa wanawake wakisimulia waume zao, Mama Zuhura husema wa kwake alikuwa mwema miaka yote, ila siku ya mwisho alimdanganya, na hilo ndilo lililobaki.

Hakumdanganya. Siku ile alisema kweli mara mbili, kwangu na kwa mkewe.

Kutoka hapa kwangu mpaka Makote ni mwendo wa asubuhi moja, na barabara siku hizi ni nzuri. Sijaenda.